Milan ya Kaloleni Haifungwi

Jumatano, 17 Machi 1993

Leo Benta amesema. Amechoka kuona wanaume wawili wakipishana kwenye geti la shangazi yake kama askari wa zamu. Mmoja ni mimi, Dalmas, muuza mitumba soko la Kibuye hapa Kisumu. Mwingine ni Joram, fundi wa redio pale Kondele, mtu wa maneno machache na vidole vyeusi. Jumamosi ya wiki ijayo binamu yake Seline anaolewa. Sherehe ni hapa hapa Kaloleni, na baba yake Benta, Mzee Ouma, atakuja kutoka Seme. Benta anasema anayemtaka asimame siku hiyo aseme mbele ya watu wake. Jumatatu yake atatoa jibu.

Nimefurahi sana. Kusema mbele za watu ndiyo kazi yangu, mimi ninayeita wateja tangu asubuhi. Joram akizungumza na watu watatu anatoka jasho.

Tena kutakuwa na pakruok. Ilibidi nimweleze Wanyonyi kinyozi, maana ni mila yetu Wajaluo na kwao ni Bungoma. Unatoa hela kidogo, mwimbaji anakata muziki, unashika maiki, unawasifu watu wako na wewe mwenyewe unajisifu kidogo. Kisha muziki unaendelea. Wanyonyi akauliza nitajisifu nini hasa. Swali la kijinga. Nimelifikiria tangu mchana na bado sijapata jibu.

Alhamisi, 18 Machi

Jibu nimelipata kwenye benchi la Wanyonyi mwenyewe, katika gazeti la Jumatatu lililokuwa chini ya mafuta ya nywele. AC Milan ya Italia! Mechi hamsini na nane za ligi, hawajafungwa hata moja. Tangu mwezi wa tano mwaka wa tisini na moja. Mwaka jana wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi, na hakuna bingwa wa ligi yao aliyewahi kufanya hivyo. Kombe la Ulaya wamelibeba mara nne, mbili za mwisho mfululizo, themanini na tisa na tisini.

Nitakuwa Milan ya Kaloleni. Mtu asiyefungwa. Wengine watajiita simba na ndovu, wanyama ambao hata kuwaona hawajawaona. Mimi nina ushahidi.

Nilianza kukariri nikiwa bado nanyolewa. Wanyonyi akasema nikiendelea kutikisa kichwa atanipunguza sikio. Aliuliza pia kama Benta anapenda mpira. Nikamwambia mwanamke si lazima apende mpira, anapenda mshindi. Alipuliza tu nywele shingoni mwangu.

Jumamosi, 20 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Nimefungua bando la nguo asubuhi, shati la tatu likawa la mistari myekundu na myeusi. Mistari ile ile ya Milan. Kasoro moja tu: kifuani limeshonwa picha ya kondoo.

Nikampelekea Benta aitoe. Yeye anashona nguo safu ya pili kutoka kwangu. Alikata nyuzi polepole asitoboe kitambaa, na huku akikata aliuliza nimejiandaa kusema nini. Nikamwambia ni siri. Akasema ni sawa, ila nikumbuke baba yake ni mtu wa heshima na anatoka mbali. Nikamwambia hata Milan ni mbali. Alisimamisha mkasi akaniangalia. Nadhani maneno yalimwingia.

Joram nilikutana naye jioni akinunua dagaa wa omena. Anasema yeye hana mengi ya kusema. Hilo tunalijua sote.

Jumapili, 21 Machi

Balaa. Jirani yangu Mzee Wasike, mstaafu wa reli, huiweka redio yake dirishani ili mtaa mzima usikie hata kama hautaki. Jioni nilikuwa nje nikipaka viatu rangi. Matokeo ya Ulaya yakaanza. Milan sufuri, Parma moja. Kwao Milan, kwenye uwanja wao wenyewe, kwa faulo ya Mkolombia mmoja.

Parma! Sijui hata ni mji wa namna gani. Karibu miaka miwili hakuna aliyewafunga, na katika wiki zote hizo wakachagua wiki yangu. Nilikaa kizingitini na kiatu kimoja mguuni, nikasikia joto usoni kama mtu aliyepigwa kofi kanisani.

Kisha nikaangalia huku na huku. Mzee Wasike alikuwa amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Watoto walikuwa wanapigania tairi. Hakuna aliyesikiliza. Basi hakuna aliyesikia, na kama hakuna aliyesikia, Kaloleni haijui. Kazi yangu ni Kaloleni isijue hadi Jumapili ijayo. Nikaingiza mkono dirishani nikazima redio. Na kwa kuwa mkono ulikuwa tayari ndani, nikavuta na waya mmoja.

Jumatatu, 22 Machi

Nimeamka mapema. Kwa Wanyonyi nimeondoa ukurasa wa michezo kabla hajamaliza kufagia. Nikamwambia nafungia mashati. Akasema karatasi moja itafunga mashati mangapi. Sikuwa na nafasi ya kubishana.

Kaloleni nilipita kwa wanaonunua magazeti nikaazima yote. Mwalimu Gordon alinipa lake bila tabu, ila ukurasa wa michezo ulikuwa umebaki kwake. Akasema ameufungia mandazi. Afadhali.

Mzee Wasike naye akalalamika redio imekufa. Nikajitolea kuipeleka kwa fundi. Mpango ulikuwa ilale chini ya kitanda changu hadi arusi ipite. Lakini Mzee akasema redio ile haiguswi na mtu ila Joram. Hakuishia hapo. Alinisindikiza hadi Kondele, mimi nimebeba redio, yeye ameshika aeriali kama anaongoza mbuzi.

Joram akafungua, akaangalia, akasema waya huu umevutwa. Mzee akasema ni panya. Nikaunga mkono, nikasema panya wa siku hizi wana nguvu. Joram akachomea waya, akawasha ajaribu, na redio ikaingia moja kwa moja kwenye michezo. Nikakohoa. Nilikohoa habari nzima, mwanzo hadi mwisho, machozi yakanitoka. Joram aliniletea maji. Alikuwa anatabasamu. Fundi akimaliza kazi vizuri hutabasamu.

Alhamisi, 25 Machi

Siri imeshikilia. Siku nne, na hakuna mtu aliyenitajia Parma. Jana kwenye mfereji kijana mmoja alianza kusema jambo kuhusu Milan, nikawahi kuuliza Gor Mahia wana shida gani msimu huu. Hapa Kisumu ukitaja Gor mtu anasahau hata ndoo yake imejaa. Ugomvi ulidumu hadi maji yakakatika.

Watu wamekuwa wazuri kwangu wiki hii. Mwalimu Gordon ananisalimia kwa furaha na kuuliza kama niko tayari kwa Jumamosi. Mzee Wasike ananipigia saluti. Hata mama wa mandazi ameuliza mstari wangu wa kwanza ni upi. Nadhani wameanza kuona nitakuwa mkwe wa Mzee Ouma.

Jumapili, 28 Machi

Niandike kama ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Mzee Ouma alikaa mbele na kofia yake magotini, karibu na Mama Selpha, yule shangazi anayekaa na Benta. Nilivaa shati la mistari. Alipokuwa kondoo palibaki alama, lakini ukikunja mkono kifuani haionekani.

Nilisimamisha muziki mara tatu. Ya kwanza nikasema mimi ni Dalmas, Milan ya Kaloleni, mechi hamsini na nane bila kufungwa. Watu wakapiga makofi mno. Wengine walikuwa wameinamia meza. Ya pili nikaeleza ubingwa usio na doa. Ya tatu nikataja makombe ya Ulaya, mwaka mmoja mmoja, na sikukosea hata mmoja. Mwimbaji akaniuliza kwenye maiki kama nina mtu wa kumsalimia. Nikasema nawasalimia wote waliokuwa uwanjani. Nikamsikia Mzee Ouma akimuuliza Mama Selpha kama hao Milan ni Wajaluo wa Gem au wa Alego.

Kisha Joram akasimama. Jasho tele, nilivyojua. Akasimamisha muziki mara moja tu. Akasema yeye ni Joram, Parma ya Kondele, na bao moja limetosha.

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Bibi arusi alicheka hadi shela ikatoka. Walijua! Wote walijua tangu Jumatatu. Joram alikuwa ameshapata habari za Milan yangu kwa Wanyonyi, akamnong'oneza Mzee Wasike pale pale Kondele nikiwa nafuta machozi, na Mzee Wasike akishajua jambo, redio ya nini? Wiki nzima walikuwa wananilea kama kuku wa sikukuu.

Joram hakungoja kicheko kiishe. Akasema anamsalimia Mzee Ouma wa Seme, aliyembeba binti yake mabegani kuvuka mto mafuriko yalipokuja, ili asikose shule. Anamsalimia Mama Selpha, aliyefungua mlango wake na hajaufunga. Anamsalimia Benta, ambaye nusu ya Kibuye ingetembea uchi bila mikono yake. Akarudisha maiki akakaa. Mzee Ouma alisimama akainua kofia juu, wanawake wakapiga vigelegele. Benta alikuwa anacheka huku anafuta macho kwa kiganja. Mimi sijawahi kumchekesha hivyo. Iliniuma, nasema kweli.

Jumatatu, 29 Machi

Benta hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe kwenye meza yangu kabla soko halijachangamka. Ni Joram.

Alisema nisidhani ni kwa sababu ya kuchekwa. Kuchekwa kunapita. Alisema Jumamosi asubuhi alimwambia baba yake amwangalie yule wa shati la mistari, maana moyo wake ulikuwa huko. Akangoja. Mara ya kwanza nikasimamisha muziki, akangoja. Mara ya pili, akangoja. Mara ya tatu Mzee akamgeukia akamuuliza huyu kijana amekuja kumtafuta nani. Jina lake sikulitaja, la baba yake sikulitaja, Seme sikuitaja. Alisema Joram alitaja yote kwa mara moja.

Alinipa mkono akarudi kwenye cherehani yake. Kutoka hapa naisikia. Sikula mchana. Mteja mmoja aliuliza bei ya suruali nikamjibu sijui.

Jumatano, 31 Machi

Siku mbili nimeyapima maneno ya Benta, na sasa kosa langu nimelielewa. Nilichagua rekodi inayoweza kuvunjwa. Kutofungwa ni jambo la muda. Anakuja Parma na faulo yake, umekwisha.

Leo nimepata dawa kwenye benchi la Wanyonyi. Juventus. Klabu ya kwanza Ulaya kushinda makombe yao yote matatu makubwa: moja sabini na saba, la pili themanini na nne, la tatu themanini na tano. Wa kwanza ni wa kwanza. Wengine waje hata mia, hiyo hawakunyang'anyi. Redio zote za Kondele ziseme zitakavyo.

Pasaka kuna harambee Mamboleo na mwimbaji ni yule yule. Atakuwepo Dorca, yule mrefu anayeuza vitambaa vya kichwa, ambaye juzi alinirudishia salamu mara mbili. Nimeshatenga shati la mistari myeupe na myeusi, halina mnyama yeyote. Safari hii nitasimamisha muziki mara nne.

Wanyonyi aliweka mkasi chini akauliza kwao Dorca ni wapi na baba yake anaitwa nani. Nikamwambia asinichanganye, bado nakariri, niko themanini na nne.