Baiskeli Fisi ya Willa Dueck

Jumanne, 2 Mei

Mvua. Tope. Na nimepitwa tena! Na nani? Na Willa Dueck, mjane wa miaka sitini na moja, dereva mstaafu wa basi la shule, mfupi kuliko mimi. (Kidogo.) Amenipita kwenye mteremko wa mierezi huku akipiga mluzi. Mluzi!

Tulipofika chini nikaikagua baiskeli yake. Gurudumu la mbele kubwa, inchi ishirini na tisa kama letu sote. La nyuma dogo! Amebadilisha makusudi. Nikawaita wenzetu wa kikundi cha baiskeli: njooni muone baiskeli fisi, mabega juu, matako chini. Walicheka hadi kushika miti. Willa naye akacheka, kisha akasema, "Fisi hana haraka, Lorne. Anajua mzoga uko wapi." Wakacheka zaidi. Kicheko hicho cha pili sikukipenda.

Jambo zito sasa. Hapa Squamish kila njia ya baiskeli msituni ina jina, na jina hubaki hata mwenyewe akishazikwa. Njia mpya nimeichimba mimi. Miaka mitatu, kwa sururu na mgongo huu huu. Leo kamati ya njia imetangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 13 wazee tuliovuka hamsini tutashindana kuiteremka, na mshindi ndiye atakayeipa jina. Nikauliza, na mchimbaji je? Wakasema mchimbaji anakaribishwa kushindana.

Njia ya Hrycak, jina langu la ukoo. Linasikika vizuri hata ukilinong'ona. Nimelinong'ona mara kadhaa.

Jumatano, 3 Mei

Nimepata jibu. Mota! Amefunga mota ya siri.

Nikaikuta baiskeli yake imeegemezwa nje ya mgahawa. Nikainyanyua kuipima uzito. Nyepesi kama kuku. Willa akatoka na kikombe cha kahawa. "Unainunua au unaiiba?" Nikasema nalitazama tope lake, ni tope zuri. Akasema lipo jingi, nichukue nitakalo.

Hakuna mota. Kwa hiyo ni gurudumu.

Alhamisi, 4 Mei

Kwa Jaspal Gill, fundi. Nimemuuliza kwa niaba ya rafiki yangu.

Amefafanua vizuri, kijana mstaarabu. Gurudumu kubwa mbele hupanda mizizi na mawe bila kukwama. Dogo nyuma hugeuka upesi kwenye kona. Tena ni nafuu kwa watu wafupi, kwa sababu kwenye mteremko mkali ukirudisha makalio nyuma, tairi kubwa hukusugua. Nikasema rafiki yangu si mfupi. Akaniuliza ana kimo gani. Nikasema cha kawaida. Akasema, "Sawa, mjomba. Ila mwambie huyo rafiki yako viraka vya suruali yake, hapo nyuma, vinamsema."

Nikatoka kinyumenyume.

Alikuwa bado ananieleza kwamba fremu iliyotengenezwa kwa magurudumu sawa hushuka ukiitia dogo nyuma, pedali zikakaribia ardhi, kwa hiyo lazima kwanza… Sikusikia kwanza nini. Nilishakumbuka baiskeli ya Noreen, mke wangu. Magurudumu yake yote mawili ni madogo. Inaning'inia bandani tangu Oktoba.

Siwezi kununua gurudumu dogo mbele ya mji mzima baada ya kuliita fisi. Kuazima si kununua. Kuazima bila kuomba si kuiba, kama mmeoana.

Jumamosi, 6 Mei

Limeingia! Nimelijaribu asubuhi, peke yangu. Ajabu! Kona ambazo zilikuwa zikinisumbua nimezikata kama siagi. Makalio hayajaguswa hata mara moja. Nimeimba.

Kisha pedali ya kushoto ikagonga mzizi, nikajikuta kwenye kichaka cha miiba. Nikapanda tena. Pedali ya kulia, jiwe. Kichaka kingine, miiba ile ile.

Nimemwambia Noreen nimekutana na dubu. Akauliza dubu alifanya nini. Nikasema alinitazama. Akasema, "Alikutazama mpaka tope likakuingia masikioni?" Nikasema ndiyo, ana macho makali.

Jumanne, 9 Mei

Matembezi ya kikundi. Nimeficha gurudumu kwa kizuia-tope kirefu nilichokata kwenye kifuniko cha pipa. Hakuna aliyegundua! Isipokuwa Willa. Aliinama, akakitazama muda mrefu.

Juu kileleni akanisogelea, sauti chini. "Lorne, pedali zako zitagonga. Ninayo nyumbani mikono mifupi ya pedali, haifiki chini, siitumii. Pita uichukue. Sitamwambia mtu."

Ala! Nimemwelewa mara moja. Siku nne kabla ya mashindano mtu akupe kifaa bure? Amekilegeza skrubu, huyo! Nikamwambia asante, mimi si mtu wa mikono mifupi. Akainua mabega, akateremka. Akipiga mluzi.

Mbona mimi siwezi kupiga mluzi nikiteremka? Nimejaribu. Nimejiuma ulimi.

Alhamisi, 11 Mei

Msiba. Kumetoka jua, na Noreen akaamua kwenda posta kwa baiskeli. Kwa bahati nilikuwa nimeshaziba pengo: nilimfungia nyuma gurudumu langu kubwa, kwa tairi jembamba ili lipenye. Likapenya! Nilijiona fundi.

Akarudi kwa miguu. Magoti yana udongo. Amesema kila akishika breki baiskeli inataka kusujudu. Akaiegemeza ukutani, akasimama mbali, akaitazama. Mbele ndogo, nyuma kubwa. Kisha akaitazama yangu.

Miaka ishirini na saba ya ndoa! Hakupiga kelele. Angepiga ningejitetea. Amesema, "Kaa nalo mpaka Jumamosi. Ila uende ukamwombe Willa radhi kwa lile neno la fisi, maana nawe umeshakuwa fisi." Nimekubali.

Sijaenda. Willa hakuwa nyumbani. Naamini hakuwa nyumbani.

Jumamosi, 13 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Tulikuwa wanane. Nilianza vizuri, Mungu shahidi! Nusu ya njia mimi mbele, Willa nyuma yangu hatua kumi. Njia yangu! Kila jiwe nimeliweka mimi. Na ule mzizi mnene kwenye kona ya tatu niliuacha mimi, kwa makusudi, ili umtetemeshe Willa.

Pedali yangu ndiyo iliyoukuta.

Nakumbuka mbingu, kisha jani bichi mdomoni, kisha baiskeli juu ya kifua. Nilisikia breki. Willa alikuwa ameshuka! Akaninyanyulia baiskeli, akaniambia nivute pumzi polepole, nichezeshe vidole vya miguu. Nikamwambia aende, atashindwa. Akasema, "Nyamaza, mzee. Vidole kwanza." Hugh Petrie, daktari wa meno, akatupita. Akatupungia mkono!

Hugh ameshinda. Hugh hajawahi kushika sururu. Ameipa njia jina la mbwa wake. Njia ya Biskuti.

Willa akasimama mbele ya kamati na matope yake, akasema jina halali ni la Lorne Hrycak, yeye ndiye aliyeacha mgongo wake mle. Wakasema sheria ni sheria. Akawaambia basi sheria yao ina meno mabovu, na Hugh aitibu.

Niliyasikia haya nikiwa juu ya machela. Nililia kidogo. Ni mbavu.

Jumatatu, 15 Mei

Mbavu mbili na kifundo cha mkono wa kulia. Kitandani wiki tatu. Willa amekuja na supu ya kabichi. Nimemwomba radhi, nikamaanisha kila neno. Kifua kilikuwa chepesi, hakuna wivu hata chembe. Hali hiyo ilidumu kama dakika nne.

Kisha akaniambia kwamba jana alimchukua Noreen kuteremka njia yangu. Mara ya kwanza maishani mwake! Dakika sita na sekunde arobaini. Mimi sijawahi kushuka chini ya saba.

Noreen!

Nimempongeza. Nimesema huenda saa ya Willa inachelewa. Wamecheka wote wawili, wakaenda kurudia.

Nimewaza sana. Noreen amerudisha gurudumu lake, yote mawili sasa ni sawa. Basi siri haikuwa magurudumu hata kidogo! Usukani wake ni mpana kuliko wangu, hilo sikuwahi kulitazama. Wakirudi nitamwomba aiingize baiskeli chumbani, isinyeshewe. Tena anipe futi ya kupimia. Akiuliza ya nini, nitasema ya pazia.