Kumbatio la Dakika ya Tisini na Nne

Jumatatu saa tatu asubuhi, redio ya mgahawani kwa Dot ilitangaza kwamba wakubwa wa waamuzi wameiandikia timu yetu ya Calderwick barua ya kuomba radhi. Lile goli la Jumamosi, dakika ya tisini na nne, lilikuwa halali kabisa. Jamaa wa chumba cha VAR, wale marefa wa video, walilikataa eti straika wetu ameotea, kumbe walichora mstari kwenye goti la beki ambaye hakuwa wa mwisho.

Posta akatua kikombe kwa kishindo, chai ikaruka ikaingia kwenye maharage. Huyu alisambaza barua mji huu miaka thelathini na nane, kwa hiyo barua anazijua.

"Radhi? Hiyo radhi naipaka kwenye mkate?"

"Tulia, Posta," Dot akasema huku anageuza soseji. Mgahawa ni wake, na sisi tunamwita Kanuni, maana sheria za mpira amezimeza zote. "Si wameomba kistaarabu?"

"Ustaarabu gani! Mtu anakuvunjia dirisha, anakuletea kadi ya pole, halafu fremu anaondoka nayo! Tumeishia sare, pointi mbili zimekwenda London na wageni wetu. Sisi tunashuka daraja na barua mkononi!"

"Labda walikosea tu," nikasema mimi. Naendesha basi namba saba, hapa wananiita Basi.

"Wee Basi unawatetea marefa kwa sababu na wewe abiria wanakutukana. Nijibu hili: mbona hawakosei kwa faida yetu? Mara moja tu, hata kwa bahati mbaya! Zile timu kubwa zinabebwa kwa mbeleko. Beki wao anadaka mpira kama kipa, eti mkono ulikuwa kwenye mkao wa kawaida. Sisi straika wetu kafuga ndevu, kaotea kwa ndevu!"

"Mwezi wa kwanza tulipewa penalti ya uongo," Dot akamkumbusha.

"Ile penalti halali!"

"Aliteleza mwenyewe, Posta. Beki alikuwa mita tatu."

"Upepo wa beki ulimsukuma."

Hapo mlango ukafunguka, akaingia Zege. Jina lake hasa ni Colin Ackroyd, fundi zege mstaafu, mtu mpana kama kabati. Akakung'uta koti la mvua, akakaa mezani pake dirishani. Pake mpaka saa nne tu. Saa nne yeye anaondoka, na mdogo wake Ronnie, fundi bomba, anakuja kukalia kiti hichohicho. Ratiba hiyo aliipanga Dot miaka kumi na moja iliyopita, baada ya Ronnie kumwaga majivu ya marehemu baba yao nyuma ya goli la kaskazini bila kumwambia kaka yake. Zege alitaka mzee alazwe kando ya mama. Tangu siku hiyo hawajasemeshana. Ila uwanjani wanakaa bega kwa bega, nyuma ya goli hilohilo, kwa sababu viti viwili vile vilikuwa vya baba yao na hakuna aliyekubali kuhama.

Sasa Jumamosi goli lilipoingia, na kulekule kaskazini, ndugu hao wawili walikumbatiana. Mji mzima uliona.

"Zege!" Posta akamvaa kabla hajaonja chai. "Barua umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Goli halali! Kwa hiyo na kumbatio halali!"

Zege akakoroga chai ambayo haina sukari. "Goli lilikataliwa. Hakuna kumbatio."

"Acha zako bwana, tuliwaona!"

"Mliona kitu kilichofutwa."

"Kwani kumbatio nalo linafutwa na VAR?" nikauliza.

Zege akaacha kukoroga. "Refa alisimama na kidole sikioni dakika nne. Dakika zote hizo mkono wa Ronnie ulikuwa hapa." Akagusa bega. "Hata kupumua nilikuwa naogopa. Refa akachora kile kisanduku chake cha VAR hewani, akalikataa goli, Ronnie akautoa mkono. Akaufuta kwenye koti, kama mtu aliyeshika rangi mbichi. Kwa hiyo msiniletee habari za barua."

Posta akachota maharage, lakini kijiko hakikufika mdomoni.

"Ila kisheria..."

"Kisheria barua haibadilishi matokeo," Dot akamkata.

"Kanuni, na wewe umehongwa? Mimi nadhani VAR ilimwona marehemu mzee wao. Yupo nyuma ya goli miaka kumi na moja. Ndiye aliyeotea!"

"Posta! Adabu!"

Lakini mdomo wa Zege ulicheza kidogo upande mmoja.

Mara mlango ukafunguka tena. Ronnie. Saa tatu na nusu, nusu saa kabla ya zamu yake! Vichwa vyote vikamgeukia, soseji peke yake zinaongea.

"Dot," Ronnie akasema, macho kwenye ubao wa vyakula, "mwambie huyo bwana goli lilikuwa halali."

"Dot," Zege akajibu, macho dirishani, "mwambie huyo bwana redio hata mimi ninayo."

"Dot, muulize mbona Jumamosi alikakamaa kama nguzo. Amenikumbatia mwenyewe, VAR walipoanza kukagua akawa kama nimemkosea kitu. Mkono niliutoa kwa kuwa niliona hautakiwi!"

"Nimemkumbatia mimi? Mwambie alinirukia yeye! Mimi nilikuwa nashangilia zangu, nikamkuta kifuani!"

"Mwambie ni mwongo!"

"Mwambie mwongo ni yeye!"

"Mimi nakaanga soseji hapa," Dot akasema, "sijaajiriwa kupokea simu."

Posta alishasimama. Akachora kisanduku hewani kwa vidole viwili, akachomoa simu. "Tukague! Goli ninalo hapa, la runinga. Tutajua nani kaanza."

Hata Dot alizima jiko. Tukajazana juu ya kile kioo kidogo, ndugu wawili huku na huku, kila mmoja akijifanya anatazama kwa bahati mbaya.

"Krosi hiyo," Dot akasema. "Straika wetu anapanda... Simamisha! Mpira bado haujamgusa kichwa." Akalaza mpini wa mwiko juu ya kioo. "Sasa tazameni nyuma ya nyavu, safu ya tatu."

Tukatazama. Uwanja mzima macho yapo kwenye mpira, watu midomo wazi, wengine wameshika vichwa. Mmoja tu haoni mpira. Zege ameshageukia kushoto kwake, aliko Ronnie, mikono miwili imefunguka.

"Ameotea!" Posta akapiga kelele. "Mpira hata haujapigwa! Ameotea mita nzima!"

Zege akawa mwekundu mpaka masikioni. "Kamera hizo mbovu. Si wameandika wenyewe kwenye barua kwamba wanakosea?"

"Mistari ndiyo ilikosewa," Dot akasema taratibu. "Picha haina tatizo, Colin."

Ronnie akaichukua simu kutoka kwa Posta. Akaitazama muda mrefu, akaisogeza karibu na uso, maana miwani alikuwa ameisahau. Kisha akageuka, na wala hakupitia kwa Dot.

"Colin. Ulijuaje kama litaingia?"

Zege alikosa pa kuweka mikono. Akaiweka mezani, akaitoa, akairudisha.

"Sikujua," akasema.

Ronnie akavuta kiti cha pili cha meza ile, kile ambacho watu huwekea makoti, akayahamishia makoti sakafuni na kukaa. Dot akawasha jiko. Posta akafungua mdomo aseme neno, na usoni ilionekana wazi kwamba ni neno zuri. Kabla halijatoka, Dot akamwekea mbele yake mkate wa bekoni ambao hakuuagiza.

"Kula," akamwambia.

Posta akala.