Sumaku Atakaa Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mpiga Picha ametundika picha ya Chiriku mlangoni kwake. Kubwa kama shuka. Chiriku mwenyewe, mwimbaji wa ujana wetu, nywele zimejaa, kipaza sauti mdomoni, macho yamefumbwa. Duka lake linatazamana na langu. Kwa hiyo kila nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani namwona Chiriku akiimba, na chini yake Mpiga Picha akitabasamu kama vile yeye ndiye aliyemfundisha.

Nilishona kola ya mtu ndani nje, nikafumua.

Mchana akavuka barabara, eti anaazima mkasi. Akanipa habari kwamba Chiriku yu hai, ana afya, na Jumamosi atakuja dukani kwake kuimba wimbo mmoja na kupiga picha na wateja. Alimpiga picha zamani, na bibi yule hajamsahau. Wateja wangu walikuwa pale. Wote wakageukia ng'ambo kama alizeti.

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema Jumamosi hiyo hatapata watu, kwa sababu Sumaku atakaa mlangoni kwangu.

Mwenye genge la mboga akauliza Sumaku yupi. Nikamwambia Sumaku ni mmoja tu: kipa, fainali, penalti ya mwisho, mkono wa kushoto. Nilikuwepo, nyuma ya goli, nimekaa kwenye nyasi. Mpira ulimfuata mkononi kama mbuzi anavyomfuata mwenye chumvi.

Mpiga Picha akauliza kama tunafahamiana. Nikasema sana.

Si uongo. Mimi namfahamu sana. Yeye ndiye hanifahamu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga duka nikaenda kumtafuta. Uwanjani, mlinzi wa geti alisema hajawahi kusikia jina hilo. Kazaliwa juzi, namsamehe. Klabuni, katibu alinionyesha ukuta wenye picha za wachezaji wa zamani. Ya Sumaku imezibwa na kabati la mafaili. Nikalisukuma kabati. Katibu akanitoa nje, kwa adabu. Nilitoka kichwa juu. Angalau sasa bega moja linaonekana.

Jioni nikamsimulia mke wangu jikoni. Aliendelea kumenya viazi. Halafu akauliza kama namsema yule mzee wa mayai, nyuma ya kinu cha unga.

Nikamwambia namsema Sumaku, shujaa.

"Ndiye huyo huyo," akasema. "Nanunua mayai kwake tangu binti yetu aolewe. Siku ile uliposema mayai yake madogo, nilimfikishia."

Nimekula mayai ya Sumaku miaka yote hii, tena nikiwa nimevaa fulana ya kulalia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani najua, maana kila siku nasema hakuna anayemjua Sumaku kama mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimevaa suti niliyoshona kwa harusi ya binti yetu. Nyuma ya kinu kuna banda safi, waya mpya, kuku wekundu wanene. Akatoka mzee mfupi na ndoo ya pumba. Nikamwomba aniitie Sumaku. Akasema hajaitwa hivyo siku nyingi, karibu ndani.

Mfupi. Nikasimama naye bega kwa bega, kwa hila. Tunalingana. Labda uzee umempunguza. Lakini mikono! Mikono haijapungua hata kidogo. Anayakusanya mayai kwa kiganja kimoja kama mtu anayeokota karanga. Aliponipa mkono, wangu ukapotea ndani ya wake, nami nikauacha humo muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Nikamweleza yote: heshima, kiti, wateja, mtaa mzima. Alisikiliza huku akipangusa mayai kwa kitambaa. Akasema anashukuru sana, lakini yeye na mpira waliachana vizuri na hataki warudiane. Sasa ana kuku.

Nikaona Jumamosi inaniponyoka. Nikasema kwa uchungu kwamba basi mtaa wote utachukuliwa na huyo Chiriku wa ng'ambo.

Kitambaa kikasimama.

"Chiriku mwimbaji?" akauliza. "Atakuwepo yeye mwenyewe?"

Nikasema kwa bahati mbaya, ndiyo.

Akaliweka yai chini polepole. Akauliza Jumamosi ni saa ngapi.

Nimerudi nyumbani nimerefuka. Sumaku amekubali mwaliko wangu! Nadhani ni ile suti.

Alhamisi, 6 Machi

Sumaku hawezi kukaa mlangoni kama mteja aliyekuja kupunguziwa suruali. Nimemshonea jezi ya kijani, kama ile ya fainali, kola nyeupe. Mke wangu akauliza kama nilimpima. Nikamjibu sihitaji futi, Sumaku namkumbuka kila inchi. Akasema yeye alimwona wiki iliyopita, na hafiki hapa, akaonyesha rafu ya vikombe. Mke wangu ana mengi mazuri lakini si fundi.

Nimenunua na mpira mpya. Mpango ni huu: watu wakishajaa, nitamrushia mpira mwepesi kwa mkono, ataudaka, mtaa utalipuka, Mpiga Picha ataingia ndani na kujifungia. Nimefanya mazoezi uani. Habari za dirisha la bafu sitaziandika hapa.

Jioni nimegundua jambo la kuhuzunisha. Mke wangu amewekewa kiti cha mbele. Kwa Mpiga Picha! Alikuwa anapiga pasi gauni lake la bluu huku akiimba nyimbo za Chiriku, moja baada ya nyingine, bila kukosea neno. Maisha yote haya sikujua kama anajua hata moja. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani, ila nyumba hii kila jioni huwa ni fainali, nafasi ya kuimba haipatikani.

Anaimba vizuri. Sikumwambia. Yuko upande wa adui.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea Sumaku jezi aijaribu. Mikono ya jezi ilifika kwenye vidole vyake, ikaendelea na safari. Pindo likatua magotini. Alisimama katikati ya kuku wake kama mtu aliyejifunika pazia. Hakucheka. Alisema kitambaa ni kizuri.

Nikamuuliza kwa adabu kama zamani alikuwa mrefu zaidi.

Akasema hapana, alikuwa kipa mfupi kuliko wote kwenye ligi, ndiyo maana alilazimika kujua kuruka. "Wewe siku ile ulikaa wapi, Fundi?"

Nikasema kwenye nyasi, nyuma ya goli.

"Ukikaa chini pale," akasema, "kila mtu ni mrefu."

Nikapunguza mikono ya jezi pale pale, nimekalia gunia la pumba. Huku nachoma sindano nikamuuliza ile penalti. Nimetaka kumuuliza tangu ujana. Akasema mpigaji alikuwa mtoto wa shangazi yake. Wamecheza wote uani tangu wadogo, na jamaa akiwa na woga hupiga upande wa kushoto wa kipa. Siku ile Sumaku alimwona ana woga. Akalala kushoto, basi.

Sindano ikaniingia kidoleni. Nikasema lakini mpira ulimfuata. Mimi niliona.

Akawatupia kuku konzi ya pumba. "Labda na hilo lilisaidia," akasema.

Muungwana sana. Ya mtoto wa shangazi hayatatoka kinywani mwangu.

Jumamosi, 8 Machi

Lazima niandike kabla sijalala.

Mtaa ulijaa mapema. Upande wa Mpiga Picha: viti, maspika, vitambaa vya rangi. Upande wangu: kiti kimoja, nimekivisha kijani. Mke wangu alipita mbele yangu na gauni la bluu, akanipungia kama abiria wa meli.

Sumaku akaja kwa miguu. Koti, trei ya mayai mkononi, jezi yangu ameikunja kwapani. Nikalitangaza jina lake kwa sauti yangu yote. Watu wa rika letu wakasimama. Mwenye genge akavua kofia. Fundi viatu, ambaye hasemi na mtu, akasema, "Mkono wa kushoto," akafuta macho. Kifua changu kilijaa mpaka kifungo kikaruka, tena nilikishona mwenyewe. Sumaku akawainamia wote, akanishukuru, akanipita mimi na kiti changu, akavuka barabara.

Tabasamu la Mpiga Picha wakati ule sitalisahau.

Teksi ikafika. Akashuka bibi mwembamba mwenye fimbo na kilemba cheupe. Chiriku. Sumaku akasimama mbele yake na maneno yakamkwama. Mtu aliyesimama mbele ya uwanja mzima! Akamnyooshea tu trei ya mayai.

"Mama, najua hunikumbuki," akasema hatimaye.

Chiriku akamtazama mikono, siyo uso. "Mabao matano," akasema.

Nikaona tumekwisha. Hayo mabao matano sisi watu wa Sumaku huwa hatuyataji. Ilikuwa msimu baada ya fainali. Alifungwa matano, na mji uleule uliombeba mabegani ukamzomea mpaka mlangoni kwake. Lakini yeye hakuona aibu. Akawageukia watu, akasimulia mwenyewe. Wiki ile aliingia ukumbi wa dansi akajificha nyuma ya nguzo. Chiriku akamwona. Akaisimamisha bendi, akasema wimbo unaofuata ni wa kipa, na anayetaka kuzomea atoke nje kwanza. Hakutoka mtu. Kipa ndiye aliyetoka, kwa mlango wa nyuma, wimbo haujafika nusu, kwa sababu alikuwa analia.

"Nilikuwa nimeshaamua kuacha mpira," akasema. "Asubuhi nikarudi mazoezini. Sikuwahi kukuambia asante."

"Basi keti," akasema Chiriku. "Leo usitoke kabla haujaisha."

Maspika yakakoroma, yakanyamaza. Mpiga Picha akavuta nyaya, akabonyeza, akatokwa jasho. Chiriku hakumngoja. Akaimba hivyo hivyo, mkono juu ya fimbo. Sauti imeshuka, imekuwa na mikwaruzo, lakini mtaa mzima ulimsikia, hata mwenye teksi akazima gari. Katikati pumzi ikamwishia. Hapo sauti nyingine ikaupokea wimbo, safi, bila kutikisika, kutoka kiti cha mbele. Gauni la bluu. Chiriku akatikisa kichwa kwa furaha, akapumzika kidogo, wakaendelea wote wawili. Nikamwambia fundi viatu kwamba yule ni mke wangu. Nikamwambia na mwenye genge. Nikamwambia na mtu nisiyemjua.

Sumaku aliusikia wote, trei mapajani, machozi yakimtiririka bila kuyaficha.

Makofi yalipoanza, Chiriku akiketi kando ya Sumaku, ndipo nilipoukumbuka mpango wangu. Nikauchukua mpira. Kuurusha kwa mkono, nikaona ni jambo la kitoto mbele ya umati ule. Nikauweka chini, nikarudi nyuma, nikapiga.

Sikujua nina nguvu kiasi kile. Mpira ukavuka barabara ukielekea kilemba cha Chiriku. Mke wangu akaita jina langu lote, na la baba. Sumaku hakusimama. Hakuinua hata kichwa vizuri. Mkono wa kulia umeshika trei, wa kushoto ukapanda wenyewe, na mpira ukagota kiganjani na kubaki humo, mbele kidogo ya pua ya bibi.

Hakuna yai lililovunjika.

Kelele zilizofuata sijazisikia tangu fainali. Wazee walikumbatiana. Na Mpiga Picha, kamera shingoni, alikuwa anapiga makofi kwa mikono yote miwili. Picha hana.

Chiriku akauliza ni nani aliyepiga mpira ule. Mke wangu akaninyooshea kidole. Nikainama kidogo, kama inavyotakiwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala vizuri. Nimewaza. Waliowahi kupiga mikwaju ikazuiwa na Sumaku ni majina makubwa matupu. Sasa na mimi nimo.

Mke wangu anasema nilikaribia kumuua mwimbaji wake. Nimemweleza kwamba mshambuliaji hulenga, na kazi ya kipa ni kuzuia, na kila mmoja wetu alitimiza wajibu wake. Anaimba. Nimemwambia anaimba vizuri, na kwamba kuanzia sasa fainali itapumzika siku moja moja. Akasema ataamini akiona.

Sumaku amepita na mayai. Chiriku atakwenda kwake wiki ijayo wasikilize santuri, na sisi tumealikwa. Akanishika bega akasema, "Fundi, njoo tu. Usipange kitu."

Ni dalili ya heshima. Anajua nimechoka na maandalizi.

Jumatatu, 10 Machi

Mpiga Picha amevuka barabara na vikombe viwili vya chai. Akasema Jumamosi ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu afungue duka, na kwamba tungeacha kushindana, sote wawili wazee. Nikanywa chai yake. Nzuri. Nikakubali kwamba tuache.

Baadaye akaropoka tu, hakukusudia, kwamba binamu yake anafahamiana na yule mchekeshaji wa redio aliyetuvunja mbavu enzi zetu, huenda akapita siku moja kusalimia.

Wateja wangu wakaanza kugeuka.

Nikasikia mtu anatangaza kwamba Jumamosi ijayo mlangoni kwa Fundi atakuwepo Upepo, yule mwanariadha wa mbio ndefu aliyewazunguka wenzake uwanjani mara mbili. Sauti ilikuwa yangu. Mwenye genge akauliza kama atafutiwe teksi, maana sasa ni mtu mzima sana. Nikamwambia mtu kama yule hapandi gari, atakuja mbio.

Kesho nitaanza kuulizia kama bado yu hai.