Ukuta wa Wekoye na Kiti cha Mama Mkwe

Jumanne, 4 Novemba 2025. Kitale

Moyo umevimba, miguu imevimba. Daktari hazungumzi tena nami. Anazungumza na binti yangu Waithera, mlangoni, kwa sauti ya chini. Mchungaji amenishauri niandike dhambi zangu kabla ya safari. Za zamani nimezisahau. Nitaungama za wiki hii, kadiri ninavyozipanga.

Jumamosi bondia wangu Wekoye anapigana Bungoma. Uzani wa juu, umri miaka arobaini na minne. Mtindo wake nilimfundisha mimi. Tunauita Ukuta: unaegemea kamba, unainamisha kichwa, unamwacha kijana apige mpaka mikono iwe mizito, kisha unampa konde moja la kulia. Umetulisha sifa miaka ishirini! Siku hizi konde hilo linachelewa kidogo. Leo mazoezini nilimrushia chungwa kutoka kushoto. Likamgonga kwenye paji la uso. Alisema jua lilimwingia machoni. Tulikuwa ndani ya ghala.

Mkewe, Dinah, alikuja baadaye. Hakuketi. Alisema daktari wa macho amewaambia wazi: jicho la kushoto likipigwa tena sawasawa, limekwisha. Akanitaka niahidi kutupa taulo mara tu jicho litakapoanza kufumba. "Huyo anakusikiza wewe kuliko mimi, Mwalimu. Ahidi." Nikaahidi. Mkono juu ya Biblia! Hiyo ni dhambi ya kwanza.

Alhamisi, 6 Novemba

Mpinzani ni Derrick, kijana wa miaka ishirini na mitatu, anayepiga kama anayepasua kuni. Konde lake kuu hutua upande wa kushoto. Chai imenishinda kunywa.

Jioni. Nimepata! Sisi tulitoka Nyeri, lakini nimeishi na Wabukusu maisha yangu yote. Najua jambo moja: mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, sembuse kumvulia shati. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Sasa, Derrick anaishi na msichana wa Lwakhakha. Nimempigia simu mama wa msichana, Mama Nabwile. Nimemwambia ameteuliwa mgeni wa heshima: kiti cha mbele, chai, kuku. Hakuuliza ni shughuli gani. Nadhani anatarajia kwaya.

Derrick atamwona, atashikwa na haya, atapigana kama bibi harusi. Ukuta utasimama. Dhambi, ndiyo, lakini ya kisomi.

Jumamosi, 8 Novemba. Bungoma

Waithera alinikataza kusafiri. Nikasema nataka kuwaaga marafiki. Akalia, akanifunga blanketi, akaendesha gari mwenyewe.

Ukumbi ulijaa. Mama Nabwile alikuwa mbele kabisa, kando ya kona yetu, mkoba mapajani. Derrick akapanda, kifua wazi. Akamwona. Akampungia mkono! Refa, anayewafahamu wote wawili, akamwuliza kama haoni aibu. Akacheka: "Sijapeleka kwao hata mkia wa ng'ombe. Mimi si mkwe, bana, mimi ni jirani tu!"

Kisha Wekoye akapanda. Akavua joho. Akamwona. Akavaa joho tena.

Dinah akanieleza, kwa sauti iliyosikika mpaka stendi. Mama Nabwile ni mdogo wa mama mzazi wa Dinah. Kwetu, dada wa mama mkwe unamsalimu na kwenda zako. Kwao, naye ni mama mkwe kamili. Na Wekoye alipeleka ng'ombe wote, wa mwisho akiwa na mimba. "Si uniambie, Mwalimu, ni nani alileta huyu mama hapa?" Nikakohoa. Ugonjwa una faida zake.

Wekoye akaomba apigane na fulana. Refa akakataa. Kengele! Hakugusa kamba hata mara moja. Angegusa vipi? Akiegemea za huku, mgongo wake uko juu ya magoti ya mama mkwe. Akiegemea za kule, anamtazama uso kwa uso. Akabaki katikati ya ulingo, kwa miguu iliyosahau kutembea.

Raundi ya kwanza alisalimika. Ya pili Derrick akalipata jicho. Nililiona likivimba. Taulo lilikuwa chini yangu; nilikuwa nimelikalia. Dinah akaniita kwa jina, jambo ambalo hajawahi: "Kagwe! Tupa!" Nikamwambia bado kidogo, mikono ya kijana imeanza kuwa mizito. Haikuwa imeanza. Konde jingine, palepale. Wekoye akageuka kunitafuta. Akatafuta upande nisiokuwepo.

Sikuinuka.

Mama Nabwile, aliyekuwa amejifunika leso uso mzima, akasimama. Akaivua, akaikunjakunja, akairusha ulingoni. "Mnaua mtoto wetu na mmeketi tu!" Refa akadhani ni taulo letu. Akasimamisha pambano.

Jumanne, 11 Novemba. Kitale

Jicho limeokoka. Litaona, mradi lisipigwe tena. Wekoye alikuja kuniambia anaacha ndondi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema Ukuta ni mzuri, ila unahitaji mwenye kuona ngumi ikitoka, naye sasa huiona ikiwa imefika. Dinah alibaki nje ya lango.

Wazee wao wameamua Wekoye ampelekee mama mkwe blanketi, ili ile aibu iishe. Blanketi lililoteuliwa ni langu. Waithera ndiye aliyeteua.

Jumatano, 12 Novemba

Mchungaji alikuja. Nikamsomea haya yote. Akauliza kama nimetubu. Nikamjibu nimetubu kuhusu kiti. Kiti kilikuwa kosa kubwa.

Lakini mtindo haukushindwa. Haukujaribiwa! Nani alimwona Wekoye akiegemea kamba? Na jicho la kulia ni zima kabisa. Nikimgeuza, mguu wa kulia mbele, jicho bovu linajificha nyuma na konde linatoka kushoto. Kule Naitiri kuna pambano mwezi ujao. Ombi la mtu anayekufa hatalikataa.

Waithera ameificha simu. Namsikia akichukua ndoo, anakwenda kukamua. Simu iko ndani ya pipa la unga.