Shukrani kwa Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Nimeteuliwa! Bi Kipimo, mhadhiri wa uhandisi, kaja mwenyewe kwenye karakana ya chuo ninamofanya kazi ya ufundi, miwani kwenye ncha ya pua, akasema mwaka huu msomaji wa ripoti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho ni mimi. Nikajifanya nafikiria. Moyoni nilikuwa nacheza.

Nieleze, maana shajara hii huenda siku moja ikasomwa na watu wazito. Bi Kipimo haamini ripoti inayosifiwa na aliyeiandika. Kila mwanafunzi ametengeneza pampu ya mkono ya kupandisha maji kutoka beseni la chini hadi pipa la juu. Kisha kaifumua, vipande ndani ya sanduku, ripoti juu yake. Majina yametolewa, zimebaki namba. Msomaji anafuata ripoti neno kwa neno. Haongezi, hapunguzi. Maji yakifika pipani, ripoti nzuri. Yasipofika, mwandishi hakujua kueleza, hata kama pampu yake ni ya dhahabu.

Kwa nini mimi? Alisema anatafuta mtu asiye na elimu ya uhandisi. Aliona haya tu kusema anatafuta akili ya kuzaliwa. Nikamsamehe.

Shahidi ni mtunza stoo, yule tunayemwita Kufuli kwa sababu hata kalamu yake kaifunga mnyororo. Atakaa pembeni, aandike kila nitakalofanya. Kanuna mpaka shavu limevimba. Usomaji aliutaka yeye. Mwenye wivu ajinyonge, kamba zimejaa stoo kwake.

Sikusema kwamba mmoja wa wanafunzi hao ni mpwa wangu. Sikuulizwa.

Jumanne, 4 Machi

Mpwa wangu ni binti wa marehemu dada. Nimemlea tangu ana meno ya utoto. Nimemfundisha kushika spana, kuendesha baiskeli, na kutonipiga picha nikiwa nimelala. Sasa ofisi ya maji inataka mhandisi mmoja kutoka chuoni, mmoja tu, yule mwenye ripoti bora. Mtoto hali vizuri wiki ya pili hii. Anaota mabomba.

Mezani nikamuuliza, kwa ujanja, kama anapenda namba fulani kuliko nyingine. Akasema mjomba, kula. Nikauliza jalada la ripoti yake ni la rangi gani. Akasema mjomba, chakula kinapoa. Mke wangu akasema nimwache mtoto wa watu. Mtoto wa watu! Huyu ni wangu, watu wazae wao.

Sawa. Nitaigundua mwenyewe. Damu huitambua damu.

Jumatano, 5 Machi

Imeitambua! Namba saba. Jalada gumu la bluu, maandishi ya dhahabu, unene wa tofali. Ukurasa wa kwanza: “Shukrani za dhati kwa mjomba wangu mpendwa, mtu wa vyuma, ambaye bila yeye nisingefika hapa.” Machozi yakanilenga. Nikamwambia Kufuli ni vumbi. Akajibu kwamba karakana imefagiwa asubuhi.

Na lugha yake! “Kwa kuzingatia misingi madhubuti ya mtiririko wa vimiminika…” Sikuelewa kitu, na hapo ndipo nilipohakikisha kabisa. Mimi pia nikizungumza watu hawaelewi.

Balaa likaja baadaye. Nikaiunga pampu kama ilivyoandikwa. Nikasukuma mpini. Nikasukuma tena. Kwapa zikalowa, beseni likanitazama. Hata tone! Pampu inakoroma tu kama baba mkwe baada ya kushiba. Nikapekua tofali zima. Mtoto kaandika falsafa yote ya maji, kasahau kusema pampu inyweshwe maji kidogo kwanza. Pampu kavu haivuti. Hilo nilijua tangu enzi nilipopaka mafuta injini za meli, kabla nahodha hajanishauri kushuka.

Haongezi, hapunguzi. Najua. Lakini damu nzito kuliko maji, na maji yenyewe kikombe kimoja tu! Nikamwambia Kufuli kuna mtu anamwita stoo. Akasema stoo kaifunga, wa kumwita katokea wapi. Basi nikachukua kikombe, nikajifanya nakunywa, nikapiga chafya ya nguvu. Kikombe chote ndani ya bomba. Mpini mara mbili, maji hayooo pipani!

Kufuli akaandika. Akaandika muda mrefu kuliko chafya yenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Kumpandisha wetu hakutoshi. Wengine washuke. Nimeamua kuzisoma ripoti zilizobaki kwa haki kali, neno kwa neno, kama hakimu aliyeamka vibaya.

Namba mbili ilisema niunge bomba “kama kawaida”. Kawaida ya nani? Mimi nikaliunga kwenye mguu wa meza. Kwaheri namba mbili. Namba tano ilisema nikate raba “ya kutosha”. Nikakata ya kutosha kuwekea kiatu soli. Kwaheri.

Kisha namba nne. Vijikurasa vichache, vimebanwa kwa pini. Jalada hakuna. Shukrani hakuna, hata kwa mungu wake. Nikasema kwa sauti, mtoto gani huyu, kalelewa na nani? Nikaapa kuimaliza kabla ya chai.

Ikasema: “Chukua bomba nene.” Nikachukua jembamba. Mstari wa pili: “Ukichukua jembamba halitaingia. Lirudishe.” Halikuingia. Nikalirudisha.

Ikasema nikaze kwa mkono. Ahaa! Haikusema kwa nguvu gani. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, na nguvu ninazo. Plastiki ikalia. Nikasoma: “Ikilia umezidisha. Rudi nyuma nusu mzunguko.” Nikatazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

Ikasema nipachike kipande cha raba. Nikakigeuza makusudi. “Kikikaa kinyume mfuniko hautafunga, usiupige nyundo.” Nyundo nilikuwa nayo mkononi tayari! Nikaiweka chini taratibu, kama mwizi aliyeitwa kwa jina lake.

Tumaini la mwisho: “Kabla ya kusukuma, inyweshe pampu kikombe cha maji.” Kikombe hakikutajwa ukubwa. Nikachukua kopo la kuoshea injini, nikalimimina lote. Mstari uliofuata: “Kikombe chochote kinafaa. Yatakayozidi yatamwagikia viatu vyako.”

Yakanimwagikia.

Mpini mara moja, maji pipani. Kufuli alicheka mpaka kalamu ikagonga mnyororo.

Nyumbani mke wangu kauliza kama siku hizi nafundisha viatu kuogelea. Mpwa wangu kaviangalia, kisha kala sahani mbili na kuosha vyombo akiimba. Maskini. Hajui kuna namba nne inamnyatia kazi yake.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Kipimo katuita ofisini, mimi na Kufuli. Kaanza na namba saba. Kauliza, kwa upole mbaya, ile habari ya kunywesha pampu nimeisoma ukurasa gani. Nikafungua tofali. Nikatafuta mwanzo hadi mwisho kama mtu aliyepoteza sindano. Nikasema labda imo, ila kwa kuashiriwa. Kufuli akakohoa, akasoma maandishi yake kwa raha kama anaimba: msomaji amepiga chafya bila mafua, kikombe kizima kikaingia bombani.

Bi Kipimo akasema basi namba saba haijapita. Mwandishi ataandika upya.

Dunia ikazunguka. Nikapiga magoti, spana zikaanguka mfukoni. Nikasema mama, niadhibu mimi, chafya ni yangu, mtoto hana kosa, ni yatima, ofisi ya maji inamsubiri! Akauliza yatima yupi. Nikasema namba saba, mpwa wangu, si umeona shukrani? Akafungua bahasha ya majina.

Namba saba ni mpwa wa Kufuli!

Kwamba dunia ina mjomba mwingine wa vyuma, hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Kalamu ilimtoka Kufuli mkononi, ikabaki inaning'inia kwenye mnyororo wake. Kamzamisha mpwa wake kwa mwandiko wake mwenyewe, tena kwa madaha.

Na namba nne? Ile isiyo na shukrani? Bi Kipimo akasema ndiyo ripoti bora aliyowahi kupokea, kwa sababu msomaji kafanya kila hila kuiharibu, shahidi kaziandika zote, na bado maji yamefika. Ni ya binti yangu. Kazi kaipata!

Kisha akasema alijua tangu mwanzo kwamba sisi wote ni wajomba. Ndiyo maana alituweka chumba kimoja, kila mmoja amchunge mwenzake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemuuliza mpwa wangu alijuaje mambo yote yale, plastiki kulia, nyundo, viatu. Akacheka. Akasema mjomba, kila sentensi niliyoandika nilikuona wewe mbele yangu, umeshika spana, unatafuta pa kuharibu. Akasema viatu vilivyorudi vimelowa ndivyo vilivyomwambia kapita. Kuhusu shukrani, akasema za kwangu haziandikwi ukurasa wa kwanza. Akanishika shingo, akalia kidogo. Nami nikalia, na safari hii sikutaja vumbi.

Kwa hiyo, ukipima kwa haki, ripoti ile ni mimi niliyeiandika. Mkono tu ndio ulikuwa wake. Nimemweleza mke wangu. Kasema viatu vimekauka, nivitoe dirishani.

Jumatatu, 10 Machi

Kufuli hali chakula, na leo kaacha stoo wazi. Nimeona huruma. Mpwa wake kapewa wiki mbili aandike upya, asipopita anarudia mwaka. Nimempelekea Kufuli chai, nimemwita ndugu, naye kanisogezea kiti. Kijana mwenyewe mpole, kaogopa mpaka masikio. Nimemwambia asihofu, maneno yapo kwa Profesa, yaani mimi.

Msomaji atakuwa mimi tena, Bi Kipimo kathibitisha. Majina yatatolewa kama kawaida. Lakini mtu mzima hang'atwi na nyoka kwenye shimo moja mara mbili! Nimemwambia kijana achague jalada jekundu, na ukurasa wa kwanza aandike kwa herufi kubwa: shukrani kwa wajomba zangu WAWILI.

Safari hii sikosei. Chafya nimeshaanza kuifanyia mazoezi.