Usukani Mpya na Kona ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Usukani umefika! Mrefu, unang'aa, nikiushika ngumi zangu zinakuwa usawa wa masikio. Pikipiki yangu kubwa, ile kruza pana ya kukalia kama kochi, sasa itaheshimika mtaani. Mke wangu kautazama, kauliza kama ni wa kuanikia nguo. Kisha katoa sharti: Jumamosi nimfikishe kwa mama yake akiwa salama na msafi, la sivyo pikipiki inauzwa. Kalisema taratibu, bila hasira. Akiwa hivyo ndipo ninapomwogopa.

Jumanne, 4 Juni
Nimeipeleka kwa fundi. Sijapenda alivyotabasamu. Anadai usukani umepanda sana, nyaya za zamani za mafuta na klachi ni fupi, zibadilishwe zote. Ndefu zinapatikana duka la spea pale jirani. Na mwenye duka ni nani? Shemeji yake! Nikajifanya mjinga, nikasema naenda kufikiria. Kabla ya kuondoka nikahesabu boliti zangu mbele yake, kwa sauti, ajue anacheza na nani.

Jumatano, 5 Juni
Nimefunga usukani mwenyewe, uani, geti limekomewa, tundu la ufunguo nimeliziba kwa kitambaa. Kila boliti nimeipaka rangi ya kucha ya mke wangu. Mtu akibadilisha hata moja, nitajua. Na nyaya za zamani zimefika! Zimekaza kidogo, lakini zimefika. Kumbe fundi mwongo, na shemeji yake mwongo mwenzake.
Jioni mke katafuta rangi yake nyumba nzima. Nikasema labda ni panya.

Alhamisi, 6 Juni
Majaribio. Kutoka mlango wa jikoni hadi getini, moja kwa moja. Safi kabisa. Nikarudi kinyumenyume kwa miguu, nikaenda tena. Mara kumi na mbili. Mke kauliza mbona sijaribu kupinda. Kwa nini anauliza hivyo? Kaongea na nani?

Ijumaa, 7 Juni
Fundi kapita mbele ya geti mara mbili. Mara ya pili kasimama, kaniambia: "Kaka, usimpakie mkeo kabla ya kubadilisha zile nyaya. Nitakufungia bure."
Bure! Mtu wa bure anataka nini kwangu? Nimekomea geti upya na kuweka ndoo nyuma yake, akigusa tu nisikie.

Jumamosi, 8 Juni
Tumeondoka saa nne asubuhi. Mke kapendeza, keki ya mama yake mapajani. Barabara imenyooka, watu wanageuza shingo. Raha iliyoje!
Kwa mama mkwe ni kona ya kulia. Nikapinda. Waya wa klachi ukajivuta wenyewe, pikipiki ikalegea. Nikanyoosha usukani, ikachomoka, tukapitiliza. Mama mkwe yuko getini anapunga mkono. Nami nikapunga. Nikamwambia mke tutageuzia mbele, kushoto kuna uwazi. Kupinda kushoto, ukavutika waya wa mafuta. Injini ikanguruma, tukaruka mtaro, tukaingia kwenye ua wa michongoma.
Hatukuumia. Keki yote kifuani kwa mke wangu. Hakupiga kelele. Kavua helmeti, kasema: "Nilijua utaniaibisha. Sikujua utaniogopesha."
Nimeona vibaya sana, kweli. Nikashindwa hata kumtazama. Halafu nikajiuliza: ile michongoma, wiki iliyopita ilikuwepo?

Jumatatu, 10 Juni
Imeuzwa. Mnunuzi ni nani? Fundi! Si nilisema? Kafunga nyaya ndefu pale pale uani kwangu, hata chai yangu haijapoa. Kapinda kulia, kapinda kushoto, mke wangu kapiga makofi. Mpango huu ulisukwa tangu Jumanne, na mimi peke yangu niliuona.

Jumatano, 12 Juni
Mke kaninunulia baiskeli ya kuendea kazini. Kiti kiko chini mno, nikikanyaga pedali magoti yanapanda hadi kidevuni. Nimeirudisha dukani. Muuzaji kasema nguzo ndefu ya kiti ipo, atanibadilishia bure.
Bure, tena! Nimemtazama vizuri usoni. Pua ni ya fundi kabisa! Nimemshukuru, nikaondoka hivyo hivyo, magoti kidevuni.