Jua la Bi Zamda Halijazama

Muhiddin Abdulmalik,
Duka la Masufuria, mlango wa kijani,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Sebule Yetu,
Posta, Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri,

YAH: UKURASA WAKO WA MAPAMBO ULIVYONINYANG'ANYA CHUMBA CHANGU

Kwanza salamu. Ni matumaini yangu kwamba wewe na wenzako wote hapo ofisini hamjambo. Mimi afya ninayo, ila magoti yameniacha, na sababu utaiona huko mbele.

Mimi ni muuza masufuria. Nyumba yetu ina ghorofa nne. Duka lipo chini, wapangaji wapo katikati, mimi na mke wangu Saadiya tunakaa juu kabisa. Lifti ilikuwepo kwenye mchoro. Chini ya duka kuna chumba kilichochimbwa ardhini, ambacho sisi watu wa Kariakoo tunakiita andagraundi, na kwa miaka mingi kilikuwa stoo.

Haja yangu hapa duniani ni ndogo mno. Nataka nikishakula mchana nijilaze saa moja mahali ambapo siisikii spika ya jirani anayeuza vitu vya shilingi mia tano ikipayuka "jero jero, chagua mwenyewe". Basi. Sijaomba ubunge. Siku moja nikasoma kwenye ukurasa wako makala ya Bi Scholastika, "Geuza Stoo ya Chini Iwe Mahali pa Raha", nikaona Mungu amenijibu. Nilifuata kila neno. Kuta nikapaka rangi ya maziwa. Zulia nikalipata Mchikichini, la mtumba, lakini ukilikanyaga mguu unazama. Nikaweka sofa la kulala, mito kumi na miwili, chetezo cha udi. Ukutani nikapigilia fremu ya dirisha na pazia lake, ingawa nyuma yake hakuna kitu isipokuwa udongo wa Ilala. Halafu nikafunga zile taa alizoziandika, zenye "mwanga wa asubuhi tulivu". Hizo taa ndizo zilizoniua.

Siku niliyomaliza, kabla hata sijajilaza mara moja, mama mkwe wangu Bi Zamda akafika kutoka Bagamoyo kuja kung'oa jino. Alisema anakaa siku mbili. Ngazi za ghorofa nne haziwezi, kwa hiyo Saadiya akamteremsha andagraundi. Leo ni mwezi wa saba tangu afike. Jino liling'oka siku ileile.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama mkwe anasema bado yupo siku ya kwanza. Wewe ni Mswahili mwenzangu, unajua kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Unajua pia kwamba sisi watu wa pwani siku yetu haiishi saa sita usiku kama ya benki, inaisha jua likizama. Sasa andagraundi jua halizami. Taa za Bi Scholastika ni asubuhi mfululizo. Nilipomdokezea mama mkwe kwamba siku zimesogea, kwa adabu zote, macho nimeyaelekeza kwenye zulia kama inavyompasa mkwe, alinijibu kwa upole kwamba tangu ateremke hajaona jua likizama, kwa hiyo siku haijaisha. Nikamwonyesha saa ya ukutani, ileile anayoifuata kusali sala zake zote tano. Akasema saa ni ya sala, jua ni la wageni. Tena akaniuliza kama mwezi wa Ramadhani huwa tunauhesabu au tunautazama. Nikasema tunautazama. Akasema basi na jua vilevile. Mhariri, mimi niliyekaa madrasa miaka sita nikapanda ngazi kurudi kwenye masufuria yangu.

2. Kwa kuwa huko chini ni asubuhi siku zote, kila akiamka ni kunywa chai ya asubuhi. Mtu mzima anasinzia na kuamka mara nne, mara tano kwa siku. Vitumbua, maharage ya nazi, chapati za maji, chupa ya chai ya tangawizi. Jiko lipo ghorofa ya nne. Saadiya anasema mama ni wake lakini mgeni ni wangu, kwa hiyo mbebaji ni mimi. Nimezihesabu ngazi. Ni tisini na sita, na hazipungui wakati wa kupanda.

3. Jembe nilinunua. Jipya, na mpini wake. Nilishuka nalo mwezi wake wa tatu hapa nikiwa nimejikaza kiume, nikaliegemeza mlangoni, nikakohoa. Mama mkwe akalipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu, akalitundika ukutani juu ya sofa. Alisema amesoma kwenye gazeti, yaani gazeti lako, kwamba vitu vya asili ukutani vinaleta utulivu. Kweli vinaleta. Hilo ndilo linaloniudhi.

4. Jua nimelileta mwenyewe. Nilikodi vioo kumi na kimoja vya kabati kwa fundi, nikavipanga kuanzia juu ya paa, kila kona ya ngazi kioo kimoja, mpaka chini. Wapangaji waliniuliza kama nimeanza uganga. Saa kumi na mbili na robo jioni, wallahi, jua likateremka ngazi, likaingia andagraundi, likatua kwenye zulia, jekundu kabisa. Nikamwambia mama mkwe atazame, linazama hilo. Likazama mbele ya macho yake! Akalisifu sana. Kisha akasema hilo ni jua la kwenye kioo, na mtu akijitazama kwenye kioo hawi watu wawili. Akaniomba vioo vibaki, vinakipanua chumba. Fundi amepandisha kodi.

5. Hili Saadiya amelifuta. Lilikuwa linamhusu yeye.

6. Kila ninayemtuma kwenda kumtoa, anakaa. Mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, Bwana Athanas, alishuka na muhuri wake akiwa amekunja uso, akasema ni suala la dakika tano. Alitoka baada ya alasiri ananukia udi, chembe za kitumbua kwenye tai, akanishauri nisiwe na haraka na mambo ya kifamilia. Siku hizi mikutano ya mtaa inafanyika kwangu, na mimi naingia kwa kupiga hodi. Nikamwita Abdulkadiri wa Magomeni, mwanyumba wangu, maana ameoa mdogo wake Saadiya na mama mkwe ni wetu sote. Nikamwomba amchukue japo wiki moja nipumue. Alishuka, akala, akaegemea mito yangu, akaniambia mimi ni mtu mwenye bahati sana na sijui. Akaondoka na nakala yangu ya gazeti, ile yenye makala. Mtu wa namna gani huyo?

7. Ule usingizi wangu wa mchana sasa naulalia kwenye ngazi, kati ya duka na andagraundi, juu ya katoni ya mifuniko. Wapangaji wananiruka. Mmoja alidhani nimefariki, akaniwekea kanga usoni. Nilishukuru, maana ilizuia nzi.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa heshima gazeti lako litende yafuatayo. Kwanza, Bi Scholastika aandike makala ya kufuta ile ya mwanzo, akieleza namna ya kukirudisha chumba katika ubaya wake wa asili: harufu ya chuma, mende, taa moja inayopepesa. Ikiwa hilo ni gumu, basi Bi Scholastika mwenyewe aje ashuke, amweleze mama mkwe kwamba asubuhi ile ni ya kiwandani. Ila asinywe chai. Akishainywa tu tumempoteza. Na ikiwa hata hilo haliwezekani, basi gazeti lako limpokee Bi Zamda hapo Posta kwenye ofisi zenu. Nimepita hapo barabarani, nimeona mna madirisha upande wa magharibi. Mkalisheni dirishani jioni mbili tu. Jua likizama atakuwa ameingia siku ya pili, likizama tena ni ya tatu, na jembe nitalileta mwenyewe kwa bodaboda.

Nisingependa kufika mbali. Lakini mtu ambaye hajalala mchana vizuri miezi saba anaweza kufanya lolote. Jana nilimuuzia mteja sufuria nikamsahau mfuniko, jambo ambalo tangu enzi za marehemu baba halijawahi kutokea dukani kwetu.

Nifikishie salamu kwa wachapaji, kwa mlinzi wa getini, kwa mama anayewapikia chai, na hata kwa Bi Scholastika, maana sina kinyongo naye, nina uchovu tu.

Ni mimi msomaji wako wa kila Jumapili, ninayekuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi,

Muhiddin Abdulmalik

Nyongeza: Ndugu yangu Mhariri, barua hii usiichapishe. Nakuomba sana. Nilikuwa sijaifunga bado, Alhamisi, Abdulkadiri alipokuja mchana kweupe na bajaji. Alimwambia mama mkwe anampeleka mara moja tu kumwona mjukuu, akamfunika kanga mbili kichwani asilione jua, akaondoka naye. Nilichinja kuku. Nilishuka andagraundi, nikajitupa kwenye sofa langu, kimya, hakuna spika, hakuna Bwana Athanas. Nikafumba macho. Usingizi ukagoma. Ijumaa ukagoma. Jumamosi nikajikuta nimeshuka ngazi tisini na sita na chupa ya chai, nimesimama mlangoni, na hakuna mtu.

Kumbe Bi Zamda, kila nikishusha chai, alikuwa akiniuliza biashara imekwendaje. Wengine pia huuliza. Yeye alikuwa akisubiri jibu. Nimemkumbuka, Mhariri, sifichi, mimi mtu mzima na ndevu zangu nimelia juu ya mito ya mapambo.

Nimekwenda Magomeni kumrudisha. Abdulkadiri amekipaka chumba rangi ya maziwa, amefunga taa zilezile, na madirisha yote amebandika makatoni, hata tundu la kupitisha sindano hakuna. Mama mkwe amenipokea vizuri. Lakini amesema hapo amefika leo asubuhi tu, na si adabu mgeni kuaga kabla jua halijazama.

Kwa hiyo lile ombi langu la mwanzo limekufa, nina moja tu. Jumapili hii Bi Scholastika aandike, kwa herufi kubwa, kwamba nyumba ya kisasa ni ile ya madirisha mapana yasiyozibwa na kitu, hasa yanayotazama magharibi. Abdulkadiri ni mjinga, anafuata kila kinachoandikwa kwenye ukurasa huo. Ninamjua, ni mwanyumba wangu.